Vile Écrou Moja Ilinirudisha Kwenye Toleka

Photo mumeiona wote. Hata wale ambao simu zao zinazimika kila siku wameonyeshwa na jirani. Niko juu ya baiskeli, suruali ya suti nimeikunja mpaka magotini, jasho kama mtu aliyetolewa mtoni, na nyuma yangu amekaa mwanaume wa ndevu nyeupe, ametulia kama gavana anayetembelea mkoa wake. Tangu nirudi siwezi kuvuka barabara bila mtu kuniita: "Tonton Gaspard, umerudia kazi ya toleka?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimekaa, nimeandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi hii, na kama hajui kusoma atafute mtu wa kumsomea.

Kwa wageni wasiojua Kisangani: toleka ni baiskeli ya kubeba watu. Abiria anakaa nyuma juu ya kiti cha sponji, mwenyewe anasukuma pedali. Mimi nilisukuma toleka miaka kumi na moja. Shule niliiacha darasa la nne, baba hakuniachia hata kuku, na leo nina depo ya simenti na mabati, nyumba ya matofali ya kuchoma, na gari. Siku nilipoacha toleka niliapa kwamba sitaonekana juu ya baiskeli tena mpaka nife. Niliapa mbele ya watu. Ningeapa peke yangu, pengine ingekuwa nafuu.

Kisangani: bomba la mita moja

Safari ilikuwa ya Sifa. Sifa ni mtoto wa dada yangu marehemu, nimemlea mimi, na sasa ni muuguzi kule Banalia, kwa ndugu za baba yake. Kijana wa Isangi, mtoto wa wavuvi, alitaka kumwoa, na siku ya mahari ikapangwa Jumamosi, kule kule Banalia. Kwetu, mjomba wa upande wa mama, yule tunayemwita noko, hawezi kutuma mtu wala kusema kwa simu. Lazima akanyage pale mwenyewe na aseme kwa mdomo wake kwamba mtoto anatoka. Noko asipofika, hakuna ndoa. Na ndugu za baba yake Sifa walikuwa wanaomba nisifike. Wao hawawapendi watu wa mtoni, na tayari walikuwa na mtu wao wa kumpa, mzee mwenye shamba la kakao na meno matatu.

Nilimwambia Sifa, "Tulia. Noko yako atakuja na gari yake." Nikawaambia na wale ndugu vilevile, kwa simu, kwa sauti ya kutosha.

Gari yangu ni ya zamani, lakini ni yangu. Kabla ya safari, fundi wangu Papa Ramazani alibadilisha roulement ya gurudumu la mbele, upande wa dereva. Roulement ni lile duara la chuma lenye golori ndani, ndilo linalofanya gurudumu lizunguke bila kulia, na linashikwa na nati moja kubwa katikati, tunayoiita écrou. Ramazani ni mtu wa Kindu, mwembamba kama ufagio, hana haraka na hana maneno. Aliikaza ile écrou, akasimama, akajifuta mikono.

"Bon, papa, imetosha. Sasa napiga mudomo ya écrou fasi moja, hapa penye mufereji, njo haitajigeuza."

"Imetosha kwa nani?" nikamwuliza. "Wewe uko kilo makumi tano na tano. Mimi niko kilo mia na kumi."

"Écrou haijue kilo ya mutu. Ukikaza kupita, roulement inakufa."

Sikujenga depo kwa kusikiliza watu wa kilo hamsini na tano. Nilichukua bomba la maji la mita moja, nikalichomeka kwenye mkono wa ufunguo, yaani spana, nikapanda juu yake na kuruka mara tatu. Kiisha nikachukua tindo na nyundo, nikaupiga ule mdomo wa écrou, ukingo mwembamba unaobonyezwa mahali pamoja ili isijigeuze, pande zote, kuzunguka, kama mama anayebana sambusa. Ramazani aliangalia tu. Mwishoni akauliza:

"Siku ya kufungua utaniita?"

"Siku ya kufungua utakuwa umeshakufa," nikamjibu, na watu wa depo wakacheka. Hilo muliweke akilini, kwa sababu mimi sikuliweka.

Kisangani mpaka Bengamisa

Niliondoka Alhamisi asubuhi. Suti nimeitundika nyuma, roulement ya akiba iko ndani ya katoni chini ya kiti, maana mimi si mtu wa kusafiri mikono mitupu. Baada ya daraja la Tshopo lami inaanza kupungua kama nywele za mtu mzima, halafu inaisha. Wanaiita barabara ya taifa. Kuna shimo moja ambalo wanakijiji wanalitunza kuliko nyumba zao: asubuhi wanalimwagia maji ili malori yakwame, kiisha wanakuja na majembe, wamesikitika sana, kukusaidia. Nilipita katikati yao bila kupunguza mwendo na kuwaachia matope usoni. Mpaka hapo, safari ilikuwa nzuri.

Sauti ilianza kabla ya saa sita. Kwanza ilikuwa ndogo, wuu, wuu, nikadhani ni redio. Nikazima redio. Ikaendelea. Kwenye kizuizi cha kamba kuna bwana mmoja mwenye filimbi ambaye kazi yake ni kulala mpaka gari lifike. Alifungua jicho moja.

"Papa, gari yako inalia."

"Inaimba," nikamwambia.

"Inaimba nyimbo ya matanga."

Mtu anayelinda kamba anajua nini kuhusu magari. Nilisimama mbele kidogo kula liboke, samaki aliyechomwa ndani ya majani, pamoja na kwanga, mkate wa muhogo, iliyokuwa ngumu kama kisigino, na nilipogusa gurudumu nikaungua vidole. Harufu ya grisi iliyoiva ilikuwa inashindana na samaki. Roulement mpya, ya juzi. Nikasema moyoni: Ramazani ameniua.

Bengamisa: mafundi saba, ufunguo mmoja

Bengamisa ni mji wa kupita. Wote wanapita isipokuwa wale waliokwama, na wale waliokwama ndio wanaojiita mafundi. Walinijia saba. Mkubwa wao anaitwa Tonton Dédé, mwenye kofia ya sufu kwenye jua kali. Niliwaeleza kwamba kazi ni ndogo: fungua écrou, toa roulement iliyokufa, weka hii nzima, funga, kwaheri. Kitu kimoja tu kinasimama kati yangu na Banalia.

Jambo la kwanza walilofanya ni kuinua gari juu ya magogo. Wakachomeka ufunguo, wakavuta, na bila shaka gurudumu likazunguka nao, kwa sababu liko hewani. Wakashangaa. Mmoja akaingia ndani kukanyaga breki. Wakavuta tena, gari likatikisika juu ya magogo kama mlevi, na yule wa breki akatoka mbio kupitia dirishani. Tonton Dédé akasema tatizo ni kwamba wanaume wa siku hizi hawali vizuri. Wakaongeza bomba. Ufunguo wangu ukapasuka kama muhogo wa kuchemsha.

Nilitafuta mwingine kwa dereva wa lori. Wakati huo mji wote ulikuwa umefika. Mchungaji mmoja aliiwekea écrou mikono. Mwingine akaimwagia lotoko, pombe yetu ya mahindi inayoweza kuwasha moto, akisema itakula kutu. Écrou haikusogea, na aliyeimwagia akamaliza chupa kwa huzuni. Mwalimu mstaafu akatuchorea mchoro kwenye matope, kwa Kifaransa, na mishale. Mchoro ulikuwa mzuri. Mbuzi akaukanyaga.

"Nani alifunga hii?" Tonton Dédé akauliza, amekaa chini, kofia mkononi.

"Fundi wangu wa Kisangani. Ramazani. Mujinga mumoja."

"Huyo si fundi. Huyo iko na bifu na wewe."

Ndipo nilipowapigia simu watatu kati yenu, mnajijua, nikawaambia Ramazani ameua gari yangu na msimpelekee kitu chochote. Nilisema hivyo nikiwa na grisi mpaka masikioni, na nilisema kwa nguvu. Kwa hilo nitarudi.

Giza likatukuta hapo, na Ijumaa mchana walishusha gari, wakakubali wameshindwa, na Tonton Dédé akanipa ushauri wa kitaalamu: niende polepole. Mwendesha pikipiki mmoja alikuwa anakwenda Banalia, nyuma hana mtu. Akasimama.

"Panda, papa. Jioni uko kule."

"Mimi niko na gari."

"Ile?"

"Ile."

Akaiangalia, imeinama upande mmoja kama mtu anayeumwa jino. "Bon," akasema. "Salimia gari."

Kutoka hapo niliendesha kwa mwendo wa mazishi, nikisimama kila mara kuweka grisi. Wenye baiskeli walinipita. Mama mwenye kapu kichwani alinipita, akageuka kuniangalia, akanipita zaidi. Lakini nilikuwa na gari. Jua likiwa linashuka, gurudumu lilianza kucheza huku na huku, na nikasimama penye moshi, kilomita kumi na nane kabla ya Banalia. Mbele yangu kulikuwa na mitambo ya kukamua mawese.

Kwenye presse ya Mama Feza

Mwenye mitambo anaitwa Mama Feza. Alitoka Maniema zamani akiwa msichana, amejifunga ushungi, sauti yake ni ya chini na haihitaji kurudia. Alinipa mahali pa kulala bila kuniuliza mimi ni nani, jambo ambalo kwa kweli lilinichoma kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimeshaandaa jibu. Asubuhi ya Jumamosi akanipa pondu, kisamvu chetu, yenye mawese mapya, na makemba, zile ndizi kubwa, ya kukaanga. Hapo sina la kudharau. Nilikula sahani mbili.

Presse yenyewe ni pipa la chuma lenye matundu. Katikati kuna vis, yaani skrubu, kubwa kama paja la mtu, na juu ya vis kuna bomba la chuma la mita tatu. Wanaume wawili wanazunguka wakilisukuma, vis inashuka, ngazi, matunda ya mchikichi, zinakamuliwa, mafuta yanatoka chini mekundu. Wanazunguka taratibu sana. Niliwaambia kwa mwendo huo wangekufa njaa kwangu depo. Mmoja wao, Bosco, mwenye ndevu nyeupe, ndiye anayepeleka bidon, yaani madumu, za mafuta Banalia kwa baiskeli. Akanijibu, "Papa, sisi tunakula. Wewe njo ulikuja na njaa."

Mama Feza alichuchumaa mbele ya gurudumu langu. Akapangusa grisi kwa kidole, akaangalia écrou kwa muda mrefu.

"Nani alifunga hii?"

"Fundi wangu wa Kisangani."

"Hapana. Fundi anapiga mudomo fasi moja tu, anajua kesho njo yeye atafungua. Huyu alipiga pande zote. Huyu hakuwaza kesho." Akaendelea kuangalia. "Na alikaza mpaka roulement ikakosa pumzi. Ni mutu mumoja muzito."

Nilikohoa. Niliangalia michikichi.

Yeye hakuinua gari. Aliliacha chini, uzito wake wote juu ya gurudumu, akaweka mawe mbele na nyuma. Kwa tindo akaanza kuufungua ule mdomo wa écrou, kipande kwa kipande, pale nilipobana sambusa yangu. Kiisha akachota mafuta ya moto jikoni na kuyamwaga juu yake, mara tatu, kwa kijiko, kama anamlisha mgonjwa. Akatoa bomba la presse, lile la mita tatu, akalichomeka kwenye ufunguo.

Nikasema nimeelewa, sasa ni kazi ya mwanaume. Nilipanda juu ya bomba, nikaruka. Suruali ya kazi ikapasuka nyuma, yote. Écrou ikanyamaza. Nilijiandaa kuruka tena.

"Telemuka," akasema Mama Feza.

"Mama, mimi niko kilo..."

"Naona kilo. Telemuka. Kila mara presse yangu inakamata, kuna mwanaume anataka kuruka. Ukiruka, ufunguo unapasuka ao vis inakatika. Tunatundika kitu kizito, tunaacha, tunaenda kufanya kazi ingine. Chuma haiogope mutu. Inachokaka tu."

"Inachoka kwa saa ngapi?"

"Mimi siiulizake."

Hapo simu ikalia. Mtandao unapatikana juu ya kichuguu, basi nikapanda kichuguu, mkono mmoja unashika simu na mwingine unashika nyuma ya suruali. Alikuwa Sifa, anaongea chini chini.

"Tonton, wamefika. Watu wote wa Isangi, wamekaa. Papa Lofemba anasema camion yao inarudi saa kumi, na kama hauko hapa wapakie vitu vyao, mambo iishe."

Lofemba ni kaka mkubwa wa baba yake, rafiki wa yule mzee wa meno matatu, na camion ni lori lililowaleta watu wa Isangi.

"Waambie nakuja. Gari inatengenezwa."

Nilisikia watu nyuma yake wanacheka, na kiti kinasogezwa.

"Tonton," akasema, "njoo tu."

Nilishuka. Ilikuwa karibu saa sita. Pikipiki zote zilikuwa zimeshapita alfajiri kwenda soko la Banalia. Moja ikapita wakati huo, imebeba watu watatu na nguruwe, na nguruwe ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri. Bosco alikuwa anafunga bidon zake nne kwenye baiskeli. Sikuangalia upande ule. Mama Feza akaangalia kwa niaba yangu.

"Kule Banalia," akaniuliza, "wanangoja noko ao wanangoja gari?"

Nimejibishana na watu wa forodha, na wakubwa wa bandari, na mabenki. Kwa yule mama, nilienda tu kutoa suti garini.

Bosco alianza kufungua kamba. Akazishusha bidon moja moja. Akanipima kwa macho.

"Papa uko bidon ngapi?"

"Kilo mia na kumi."

"Donc bidon tano. Mimi nabebaka ine."

Mama Feza alichukua bidon mbili kati ya zile zilizoshushwa, akazitundika kwenye ncha ya bomba la mita tatu, akarudi jikoni. Nilivaa suti, nikakunja suruali, nikakaa juu ya sponji. Miaka mingapi, na matako yaliitambua.

Kilomita kumi na nane

Sitaki kumsema vibaya Bosco, lakini anasukuma pedali kama anayeomba msamaha. Ananyanyuka mapema, anachoka kabla ya kilima, na kona anaziingia kwa wasiwasi. Nilivumilia kilomita tano, nikimweleza.

"Usisimame. Kaa, vuta na mugongo."

"Mugongo iko inavutwa na wewe, papa."

"Enda upande wa majani. Pale udongo iko nguvu."

"Papa, ulikuwaka toleka?"

Nikamwambia mimi ni mtu wa simenti.

Kwenye kilima cha pili alisimama kabisa, akashuka, akakaa chini, akahema. Jua lilikuwa juu ya kichwa. Nilihesabu: kwa mwendo wa Bosco, tungefika wakati camion imeshafika Bengamisa. Nikavua koti. Nikamwambia, "Panda nyuma."

"Mimi?"

"Panda, kabla sijabadilisha mawazo."

Sikilizeni. Kuna vijana hapa mjini wa miaka ishirini ambao kilima kile kingewazika. Mimi nilikipanda na Bosco nyuma, nina tumbo, nina viatu vya kung'aa. Miguu haikusahau kitu. Na barabara ile niliijua, kwa sababu niliwahi kuipita hivyo hivyo mara moja, nikielekea upande wa pili. Dada yangu alipozikwa Banalia, karibu na mume wake, hakuna ndugu wa mume wake aliyetaka kumlisha mtoto. Sifa alikuwa na miaka minne. Nilimfunga kwa kitenge juu ya sponji na nikamsukuma mpaka Kisangani, siku mbili, analia nusu ya njia na nusu ya pili ananiuliza kwa nini natoa jasho. Tangu wakati huo sijaizungumza ile safari, maana ni habari ya mtu maskini.

Tuliingia Banalia karibu saa tisa na nusu. Hapo ndipo mpumbavu mmoja, sijui nani, alipopiga photo.

Uwanjani kulikuwa na maturubai, viti, na kiti kimoja kimefunikwa kitambaa, cha noko. Mzee wa Isangi, babu wa bwana harusi, mtu mpole wa mtoni, aliona baiskeli inaingia. Aliona anayesukuma na aliona anayeletwa. Kwa akili timamu ya mtu yeyote, mkubwa ni yule anayeletwa. Alimwendea Bosco, akamshika mikono yote miwili.

"Noko, mbote. Tumekungoja sana. Karibu, kaa hapa."

Akampeleka kwenye kiti cha kitambaa. Wakampa glasi. Bosco akainywa. Kwangu akageuka mzee mwingine, akanionyesha nyuma ya nyumba kwa upole: "Toleka, weka baiskeli kule. Wamama watakupatia chakula."

Nilifungua mdomo, pumzi haikutoka. Mtu wa kilo mia na kumi aliyepanda vilima saba hawezi kujitambulisha. Papa Lofemba alikuwa ananitambua vizuri sana, na alikuwa amekaa kimya, anafurahia.

Sifa ndiye aliyetoka ndani. Siku hiyo bibi harusi hatakiwi kutoka mpaka aitwe. Alitoka, na vitenge vyake vipya, akapita mbele ya wazee wote, akanishika shingo na jasho lile lote.

"Tonton," akasema kwenye sikio langu, "umekuja kama siku ile."

Sikujua kama alikumbuka. Alikuwa na miaka minne.

Lofemba alisimama. "Noko gani huyu anasukuma toleka? Alisema gari. Wapi gari?"

Pumzi ilikuwa imerudi. "Gari inapumuzika," nikasema. "Mutoto huyu alitoka hapa juu ya baiskeli yangu, wewe ulimuona akitoka, ulikuwa umesimama pale penye mulango, haukusema kitu. Leo nimerudi na baiskeli kusema anatoka mara ya pili. Anaenda Isangi, kwa watu wanaokula samaki na wenye meno. Nimesema."

Mzee wa Isangi aliuliza Bosco, kwa adabu, kama angependa kuhama kiti. Bosco alihama na glasi yake. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakusema. "Walinipa, papa," akanijibu. "Ningekataa ya nini?"

Camion iliondoka saa kumi na moja na nusu, watu wanaimba juu yake.

Kurudi

Jumatatu nilirudi kwa Mama Feza kwa pikipiki, nimejiandaa kupambana. Gari ilikuwa pale pale. Lile bomba la mita tatu lilikuwa limerudi kwenye presse, linazungushwa taratibu. Écrou ilikuwa ndani ya sahani ya bati, imeoshwa.

"Lini?" nikamwuliza.

"Siku ile ile. Tulikuwa tunakula. Tukasikia bidon inaanguka, pu. Hata hatukuacha kula."

Bidon mbili za mawese. Hakuna mtu aliyekuwapo. Wanaume saba wa Bengamisa, mchungaji, lotoko, mwalimu na mishale yake, na mimi na suruali yangu, na kitu kimefunguliwa na mafuta ya kupikia yaliyotundikwa. Nilimwomba anionyeshe bidon zenyewe. Alisema zimeshauzwa.

Tuliweka roulement ya akiba, na écrou mpya iliyokuwa ndani ya katoni yake. Bosco alikaza kwa mkono, nikamwambia asiguse tena. Niliendesha mpaka nyumbani bila sauti hata moja. Bengamisa sikusimama. Yule bwana wa kamba alifungua jicho, akasikiliza, akalifunga.

Sasa lile nililosema nitarudi kwalo. Wale watatu niliowapigia simu: rudisheni magari yenu kwa Ramazani. Nilienda kwake mwenyewe, ile écrou ya zamani iko mfukoni. Nikaiweka juu ya meza yake, kati ya spana. Aliigeuza kwenye mwanga, akaangalia alama za tindo zilizozunguka mdomo wote.

"Hii si mukono yangu, papa."

"Najua," nikasema. "Ni muguu yangu."

Hakucheka. Alichukua ufunguo wake mfupi, akachuchumaa penye gurudumu, akaipima kazi ya Bosco, akaongeza kidogo, kwa mkono mmoja. Akapiga mdomo wa écrou fasi moja, penye mfereji. Akasimama, akajifuta mikono.

"Bon, papa. Imetosha."

Nilitaka kumwuliza imetosha kwa nani. Nikaingia kwenye gari.